Jimmie Rodgers: Kutoka Reli ya Mississippi hadi Kapkatet

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, karibu na mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, Marekani. Mamaye alifariki Jimmie akiwa bado mtoto. Babaye alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kijana huyo akaifuata kazi hiyo, akawa mfunga breki wa treni. Nyimbo za vibarua weusi alizozisikia relini ziliathiri utunzi wake wote.

Mwaka wa 1924 aliugua kifua kikuu, maradhi yaliyokuja kumwondoa relini. Hapo ndipo alipougeukia uimbaji. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee. Mtindo wake wa kuivunja sauti ghafla, kutoka nzito hadi nyembamba, ulimpatia sifa kubwa. Mnamo 1929 alionekana katika filamu fupi, The Singing Brakeman, na mwaka uliofuata akarekodi pamoja na Louis Armstrong. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa hoi, akilazimika kulala kitandani kati ya wimbo na wimbo. Alifariki huko tarehe 26, akiwa na umri wa miaka 35.

Hata hivyo, santuri zake zilikuwa zimeanza safari nyingine. Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, akarekodi nyimbo za Wakipsigis zilizolitaja jina la Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers. Kwa kuwa sauti ilisikika kwenye gramafoni bila mwili kuonekana, Chemirocha alisawiriwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Ni rahisi kuuona usawiri huo kuwa ni ushamba wa watu waliotishwa na mashine. Tafsiri hiyo inapuuza ucheshi. Ikumbukwe kwamba katika enzi ya Rodgers, Wamarekani wenyewe walifurahia filamu za kuchekesha kuhusu nyumba zenye mizimu. Mathalani, katika The Haunted House ya Buster Keaton (1921), mizimu ni wahalifu waliojifunika mashuka, na mtazamaji hucheka kwa sababu anaijua hila hiyo. Wasichana wa Kapkatet nao hawakumkimbia Chemirocha. Wimbo wao unamwalika acheze ngoma ya kuruka, aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Anayemtania kiumbe namna hiyo hamwogopi. Amekwisha kumfanya mwenyeji.

Mnamo 2014 nakala za rekodi za Tracey zilirejeshwa kwa jamii zilizoziimba, Wakipsigis wakiwemo. Marekani inamkumbuka Rodgers kama baba wa muziki wa kantri. Kericho ilimpa yule mgonjwa aliyeimba akilala miguu ya swala, na wenzi wa kucheza nao.