Lucy Stone: Aliyejifunza Kusema Msituni

Mlango ukifungwa usoni mwetu, wengi wetu tunalalamika, ama tunarudi nyumbani. Leo tumwangalie dada mmoja ambaye hakufanya hivyo.

Lucy Stone alizaliwa tarehe 13 Agosti 1818, shambani huko West Brookfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake aliwasaidia wavulana kwenda chuo, lakini binti alipoomba, akanyimwa. Akiwa bado msichana alisoma katika Biblia kwamba mume atamtawala mke, ikamuumiza moyo. Mwingine angeiweka Biblia kando. Yeye aliamua kwamba siku moja atasoma Kigiriki na Kiebrania, ajionee mwenyewe kama watafsiri walipatia.

Chuo kinataka pesa. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16, kwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume, akiweka akiba pole pole. Hesabu ilitimia mwaka wa 1843, akiwa na miaka 25. Akaenda Oberlin, Ohio, chuo cha Wakristo kilichoanzishwa 1833. Wakati huo ni vyuo vichache sana vilivyopokea watu weusi, na wanawake ndio kabisa. Oberlin ilipokea wote.

Maisha ya pale hayakuwa mteremko. Alifundisha madarasa ya chini, akafanya kazi za nyumba bwenini kwa senti 3 kwa saa, na akafundisha kusoma watu weusi waliotoka utumwani. Lakini kiu yake ilikuwa kusimama na kusema. Na hapo ndipo mlango ulipofungwa: wavulana walifanya midahalo darasani, wasichana walitakiwa kukaa na kusikiliza tu.

Lucy na rafiki yake Antoinette Brown wakaomba nafasi. Profesa James Thome akawaruhusu, wakajadiliana kwelikweli. Halafu akina mama waliosimamia wasichana wa chuo wakapiga marufuku.

Sasa wewe ungefanya nini? Hao wasichana waliingia msituni, wakaanza kikundi chao cha mdahalo kwa siri. Baadaye walikutana nyumbani kwa bibi mmoja mweusi ambaye Lucy alikuwa amemfundisha kusoma.

Mwaka wa 1847 alichaguliwa kuandika hotuba ya mahafali, lakini ati ingesomwa na mwanamume. Akakataa kuiandika. Miezi michache baada ya kuhitimu, alihutubu juu ya haki za wanawake katika kanisa la kaka yake mchungaji, huko Gardner. Akaendelea miaka mingi, akipinga pia utumwa. Antoinette naye aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka wa 1853. Na 1883, Oberlin ilipotimiza miaka 50, Lucy alialikwa kuhutubu chuoni pale pale. Alifariki tarehe 18 Oktoba 1893.

Mimi nilisomea biashara, na najua mtaji hauanzi siku ya kufungua duka. Mtaji wa Lucy ulikusanywa msituni, bila makofi. Mpendwa, unajiandaa wapi wakati hakuna anayekuona?

Lakini kuna swali lingine linalonisumbua zaidi. Waliomfungia Lucy hawakuwa watu wabaya. Walikuwa waumini, katika chuo kizuri kuliko vingi. Sisi tulioshika funguo za vikundi, kwaya na kamati, ni nani tumemwacha msituni?

Tutafakari hayo wiki hii.