Salme, binti wa Sultani aliyejifunza kuandika kwa siri

Nikiwa TP huku Magamba, Mpanda, nilikuwa nawafundisha Kidato cha Pili jinsi Wajerumani walivyoichukua nchi yetu. Nikataja kwamba mwaka 1885, katika msafara wa manowari zao, alikuwemo binti wa Sultani wa Zanzibar. Darasa zima likaguna. Msichana mmoja akauliza: sasa mtu anarudi kwao na mizinga, kwani alikosa nauli? Kipindi kikaisha wakicheka. Jibu lake ni refu kidogo.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mama yake suria aliyeitwa Jilfidan. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, basi. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akawa ananakili aya kwa siri mpaka mkono ukazoea. Sisi tunaosomea ualimu tuna jina refu la kujifunza kwa namna hiyo. Yeye hakulihitaji.

Kalamu hiyohiyo ikamponza. Sayyid Said alifariki 1856, Majid akatawala. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash akajaribu kumpindua, na karani wa waasi akawa Salme, msichana wa miaka 15. Uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na Barghash hakulisahau hilo.

Mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akashika mimba. Kwa mwanamke wa familia ile, mimba ya mtu asiye Mwislamu ilikuwa suala la kufa na kupona. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Mei 1867 Ruete alipokuwa amefika, Salme akabatizwa Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Mtoto yule alifariki wakiwa njiani kwenda Ujerumani.

Hamburg walipata watoto watatu. Mwaka 1870 mumewe akaanguka kwenye tramu ya farasi na kufariki. Yaani Salme hajafika miaka 26, mjane, watoto watatu wadogo, Kijerumani chenyewe bado anakitafuta. Mwaka huohuo Majid naye akafariki, na aliyeshika kiti Unguja ni Barghash. Urithi wa baba yake ukawa umefungiwa mlango. Akahama mji hadi mji akitafuta maisha ya bei nafuu, akafundisha Kiarabu.

Mwaka 1875 Barghash alitembelea London. Salme akasafiri kumfuata, lakini Bartle Frere, mkubwa wa serikali ya Uingereza, akamshawishi aache, kwa ahadi kwamba watoto wake watasomeshwa. Akaacha. Ahadi ikayeyuka.

Kwa hiyo Bismarck alipompa nafasi melini, alipanda. Mimi naona alijua anatumiwa, ila hakuwa na mlango mwingine. Wajerumani walitaka Barghash akubali himaya yao huku bara, na dada mwenye madai ya urithi alikuwa karata nzuri mkononi. Mitaani Unguja watu walimiminika kumlaki; kaka yake hakumpokea. Barghash akasalimu amri kuhusu bara, na kuanzia hapo madai ya Salme hayakuwa na haraka tena kwa mtu yeyote. Nchi ikaenda, hadi huku Ziwa Tanganyika, yeye akarudi Berlin mikono mitupu.

Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Si kila ukurasa unaonifurahisha: humo anautetea utumwa, na sisi wa bara tunajua misafara ilibeba nani. Lakini kabla yake ni nani alikuwa ameandika maisha ya ndani ya yale majumba, tena mwanamke aliyekulia humo?

Alijaribu tena kurudi 1888, wakati huo Barghash ameshafariki. Haikusaidia. Akaishi miaka mingi Beirut, kisha akarudi Ujerumani, akafariki Jena, Februari 1924. Alizikwa Hamburg, karibu na mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa amekihifadhi.