Tumbo lililomtesa Karen Blixen hadi kaburini

MKAZI wa Kitengela atazamapo magharibi asubuhi isiyo na ukungu huiona milima ya Ngong, ambayo Karen Blixen aliitangaza ulimwenguni kwa kitabu chake cha mwaka 1937. Wengi humkumbuka kwa kahawa, kwa filamu na kwa nyumba yake iliyogeuzwa makavazi. Ni wachache wajuao kwamba mama huyo aliliuguza tumbo lake kwa miongo mingi.

Alizaliwa Denmark Aprili 17, 1885. Januari 1914 aliwasili Mombasa na kufunga ndoa huko na Bror Blixen, raia wa Uswidi. Shamba lao lilipakana na Mto Mbagathi; ng'ambo yake ilikuwa hifadhi ya Wamaasai, ambayo leo ni Kaunti ya Kajiado.

Asubuhi aliwatibu wafanyakazi na jirani zao. Kamante, mvulana mchunga mbuzi aliyekuwa na vidonda miguuni, alimshinda. Akampeleka katika hospitali ya wamishonari wa Scotland, naye akarudi amepona. Kidonda cha mguu angalau huonekana.

Mwaka mmoja baada ya harusi aligunduliwa kuwa na kaswende, akapewa zebaki na baadaye aseniki, dawa za zama hizo. Maumivu ya tumbo yaliyomwandama baadaye yalihusishwa na ugonjwa huo. Watafiti wa miaka ya karibuni wamelitilia shaka jambo hilo, baadhi wakizinyoshea kidole sumu za dawa zenyewe. Isitoshe, alikuwa mvutaji sigara sugu, na tumbaku ni adui wa tumbo.

Mwaka 1931 shamba lilimponyoka. Mei mwaka huo rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikufa ndege yake ilipoanguka Voi, akazikwa kwenye milima ya Ngong. Blixen akarejea kwao.

Katikati ya miaka ya 1950 alipasuliwa na theluthi moja ya tumbo lake ikaondolewa kwa sababu ya kidonda. Enzi hizo madaktari walilaumu asidi na wasiwasi. Ni mwaka 1982 ambapo Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walimtambua bakteria Helicobacter pylori, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyo huuvimbisha utando wa tumbo kwa miaka bila makelele. Tezi zinazotoa asidi hunyauka, seli hubadilika zikafanana na za utumbo, na baadhi huishia kuwa saratani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimworodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1994. Walio wengi miongoni mwa wanaoishi naye hawafikii huko, lakini anayemeza vidonge vya kutuliza asidi mwaka nenda mwaka rudi, akikonda au akipata choo cheusi, anahitaji kumulikwa tumbo kwa kamera. Bakteria akipatikana, huuawa kwa antibiotiki za takriban wiki mbili.

Enzi za Blixen hakuna aliyejua kumtafuta. Saratani haikumuua, alikonda tu, akila kidogo mno. Mwaka 1959 alizuru Marekani akiwa mifupa mitupu, ukumbi baada ya ukumbi ukifurika watu waliokuja kumsikiliza akisimulia habari za Ngong.

Alifariki Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77, mwili umekosa lishe. Alizikwa Rungstedlund, chini ya mti mkubwa, katika uwanja wa nyumba alimozaliwa.