Habari za Sidi Mubarak Bombay, Aliyeijua Njia ya Bara

Mara nyingi ukurasa huu huleta maisha ya waalimu na wachungaji waliotutangulia katika kazi ya Injili. Mwezi huu twaleta habari za mtu ambaye hakuwa mchungaji wala Mkristo. Alikuwa Mwislamu, nasi hatutaki kumvika kanzu isiyokuwa yake. Lakini mtu atokaye pwani kwenda Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, hukanyaga nyayo zake, na watu wa nchi hii wamemsahau kupita ipasavyo. Jina lake Sidi Mubarak, na wengi walimwita Bombay.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa kusini, ambako Tanzania na Msumbiji zimepakana. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Alipokuwa mtoto wa miaka kama 12, wafanya biashara wa pwani wenye bunduki na panga walikizunguka kijiji chao, wakidai malipo ya bidhaa walizokopesha. Watu wa kijiji hawakuwa na cha kulipa. Wakakimbia, na waliokamatwa wakatiwa minyororo. Mtoto yule akapotezana na baba yake, wala hakupata kujua, siku zote za maisha yake, kama baba aliuawa siku ile au aliokoka porini. Akachukuliwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Huko alitumika miaka mingi, hata bwana wake akafa, naye akapata uhuru wake. Ndipo aliporudi Unguja. Bombay lilikuwa jina la mji wa Wahindi hata mwaka 1995, Mubarak ni neno la Kiarabu, na Sidi ndivyo Wahindi walivyowaita watu weusi waliokaa kwao. Hivyo majina yote matatu aliyojulikana nayo aliyapata kwa watu wa mbali.

Mwezi wa Februari mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani wa Unguja katika kituo cha Chogwe, karibu na mto wa Pangani. Wakapita Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakipanda milima ya Usambara kwenda Fuga kwa mfalme Kimweri. Wasomaji wetu wazee watapatambua mahali hapo, maana ndipo Vuga, ambapo baadaye misheni ya Kilutheri ilikuwa na mashine ya kupiga chapa, na vitabu vingi vya makanisa yetu vilitoka huko. Bombay akafuatana nao. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeteguka, na mwili wake ulikuwa mdogo mno, hata hivyo alishika bunduki mbili juu ya mzigo wake, akamaliza mwendo mrefu kama mtu aliyekwisha kupumzika. Burton hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu ye yote, lakini huyu alimsifu.

Yafaa tueleze kwa nini Wazungu hawa walikuja. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, mzaliwa wa Württemberg, alikuwa ameuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na wenye elimu wa London wakamcheka, wakisema kwamba haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Kisha yeye na mwenzake Erhardt, mtu wa Württemberg pia, wakakusanya habari kwa wasafiri wa pwani, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ramani ile ilikuwa na makosa, maana maziwa ni zaidi ya moja. Lakini iliwaondoa wakubwa wa Chama cha Jiografia katika viti vyao, wakamtuma Burton aende akaone.

Naye Speke alikuwa mtu wa milima. Miaka 10 alikuwa askari katika Bara Hindi, na kila alipopewa likizo alikwenda katika milima ya Himalaya hata Tibeti, akiwinda na kupima nchi. Vilele vya huko hupita mita 8,000, na pumzi ya mtu huwa fupi kwa uhaba wa hewa. Lakini hata huko mgeni hapandi peke yake. Yuko mwenyeji atanguliaye, na wako wenye mizigo. Mwaka 1953, wakati Hillary alipofika juu ya mlima mkubwa kuliko yote, Tenzing Norgay wa kabila la Sherpa alisimama pamoja naye. Katika Kilimanjaro ndivyo ilivyokuwa pia. Hans Meyer alipokifikia kilele cha Kibo mwaka 1889, Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa kwenye baridi ya zaidi ya mita 4,000 akilinda kambi na kupika. Mtu wa pwani ya joto, juu ya barafu! Twalitaja jambo hili kwa sababu watu hudhani kazi ya mpagazi ni ya mabega tu.

Basi mwezi wa Juni mwaka 1857 msafara ukavuka kutoka Unguja. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na kitanda chake, chungu chake na posho yake. Kirangozi akatangulia na bendera. Katika milima ya Usagara njia ilipanda Rubeho, juu ya mita 1,500, na punda wakaanguka, na Speke, aliyezoea Himalaya, akawa na homa kali hata akashikwa na watu wawili watatu ili asianguke. Baada ya hapo ni Ugogo na hongo zake, kwa kila mtemi nguo na shanga, kisha pori la Mgunda Mkali ambapo maji ni haba, na watu huenda terekeza, yaani hutembea jioni hata usiku bila kufika penye kisima. Tarehe 7 Novemba wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora. Walikuwa wametumia siku 134 tangu pwani.

Kazeh palikuwa njia panda ya bara. Upande mmoja njia ilikwenda Ujiji, upande mmoja Karagwe na Uganda, na Waarabu walikuwa na nyumba za tembe zenye bustani. Snay bin Amir aliwakaribisha vizuri, naye akawaambia kwamba maziwa ni mbalimbali, na lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Mwezi wa Februari mwaka 1858 walikaribia Ujiji. Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na Burton hakuweza kutembea. Walipofika juu ya kilima Burton aliona mstari wa mwangaza chini, akamwuliza Bombay ni nini. Bombay akamjibu kwamba adhani ni maji. Lilikuwa ziwa Tanganyika.

Waliporudi Kazeh, Burton akabaki na Waarabu, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay na watu wachache. Tarehe 3 Agosti 1858 walisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, wakaliona lile ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Speke akasema hapa ndipo chimbuko la Nile. Burton hakukubali, na urafiki wao ukavunjika.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa maana katika ugomvi huo Bombay alitiwa katikati. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alijua Kihindi cha askari tu, na Bombay alijua Kihindi alichojifunza utumwani. Kila neno alilosikia Speke kwa Waarabu na kwa wenyeji lilipita katika kinywa cha Bombay. Huko Tanganyika Speke alisikia kwamba mto mkubwa wa kaskazini hutoka ziwani. Burton akaandika baadaye kwamba Bombay mwenyewe alisema Speke hakufahamu vema, maana mwenye habari alisema mto huingia. Kweli, mto wa Rusizi huingia ziwani, na jambo hili lilithibitika mwaka 1871. Kwa habari ya ziwa la kaskazini, Speke ndiye aliyekuwa na haki. Mabwana wawili wenye elimu walishindana mbele ya dunia nzima, na ushahidi wao wote ulikuwa maneno ya mtu aliyeuzwa utotoni. Kila aliyepata kutafsiri mahubiri ya mgeni ajua uzito wa kazi hiyo: neno likienda vizuri msemaji husifiwa, na likipotea hulaumiwa mkalimani.

Mwaka 1860 Speke akarudi pamoja na Grant, na Bombay akawa mkubwa wa watu wao. Wakafika Kazeh mwezi wa Januari 1861, wakakuta vita kati ya Waarabu na mtemi Manwa Sera, na Snay bin Amir akauawa katika vita hivyo. Wapagazi wakatoroka, safari ikakawia miezi mingi. Huko Uganda Speke, kwa hasira juu ya jambo dogo la kambi, alimpiga Bombay ngumi za uso mbele ya watu aliowaongoza. Bombay akaondoka, kisha akarudi. Wengine watasema ni unyonge. Sisi twaona kwamba, kama angekwenda zake, watu wale wangetawanyika katika nchi ngeni wasipate njia ya kurudi kwao. Tarehe 28 Julai 1862 alikuwako Nile ilipotoka ziwani, na mwaka 1863 waliobaki wakafika Misri kwa miguu na kwa mashua. Wakapigwa picha mjini Cairo, wakarudishwa Unguja kwa merikebu. Chama cha Jiografia kikampa Bombay nishani ya fedha. Mwaka uliofuata Speke akafa kwa bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda kwao.

Mwaka 1871 akaja Henry Stanley kumtafuta Dakta Livingstone, akamweka Bombay kuwa mkubwa wa askari. Stanley alikuwa mtu mkali, akampiga kwa fimbo zaidi ya mara moja, tena katika kitabu chake alimwandika kama mzee mvivu na mjinga. Wakakaa Kwihara karibu na Tabora, na mwezi wa Agosti wakaingia pamoja na Waarabu katika vita juu ya Mirambo. Mirambo akawavizia, wakashindwa, na baadhi ya Tabora ikateketea kwa moto. Huko alikufa Uledi, aliyekuwa mtumishi wa Grant, mmoja wa wale waliofika Misri pamoja na Bombay. Mwezi wa Novemba msafara ukaingia Ujiji kwa njia ya kuzunguka kusini, na habari ya kukutana na Livingstone yajulikana kwa kila mtoto wa shule. Twaona ajabu kwamba mtoto huyo huyo hajui jina la aliyekuwa mkubwa wa askari waliomfikisha Stanley pale.

Safari yake ya mwisho ilikuwa na Cameron, mwanamaji wa Uingereza, mwaka 1873. Wakakawia tena Kwihara, Cameron akilala kwa homa na macho yake karibu kupofuka. Mwezi wa Oktoba wakafika Susi na Chuma na wenzao, wakichukua maiti ya Livingstone iliyokaushwa, tangu kijiji cha Chitambo. Cameron alishauri azikwe papo hapo, akiogopa hatari za njia. Wale wakakataa, wakaendelea mpaka pwani. Bombay aliyaona haya. Alikuwa amemwona mzee yule hai, nyumba ile ile ya Kwihara, mwaka mmoja na nusu uliopita. Sasa akawaona watu weusi wenzake wakitoa shauri lao mbele ya Mzungu, na shauri likasimama.

Kisha wakaenda magharibi, Ujiji, Nyangwe, na nchi nyingi za Kongo, wakipita makundi ya watumwa waliofungwa kama alivyofungwa yeye. Mwezi wa Novemba mwaka 1875 wakatokea pwani ya Angola, karibu na Benguela, Cameron akiwa hoi kwa ugonjwa. Mtoto aliyechukuliwa kuvuka bahari ya mashariki akawa ameiona bahari ya magharibi kwa miguu yake. Yakadiriwa kwamba katika misafara hii minne alitembea karibu kilomita 9,600.

Hatusemi kwamba hakuwa na dosari. Alipenda pombe, na siku za ulevi wake msafara uliharibika. Tena aligombana na wenzake, hasa Baraka, kwa ajili ya cheo. Haya yamo katika vitabu vya wale waliomwajiri, nao huenda walikuwa na sababu zao za kuyaandika marefu. Lakini vitabu hivyo hivyo vyashuhudia kwamba fedha, nguo na shanga za thamani kubwa zilipita mikononi mwake miaka mingi, naye hakuwa mwizi.

Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kilimwandikia malipo ya uzeeni, ya kila mwaka maadamu yu hai. Akafa mwaka 1885, mwaka ule ule Wajerumani walipojitangazia ulinzi wa nchi hizi. Njia aliyoijua ikaendelea kukanyagwa na wapagazi miaka mingine 27, wakiwamo waliochukua mizigo ya wamisionari wa Unyamwezi, hata mwaka 1912 reli ilipofika Tabora, na safari ya siku 134 ikawa ya siku chache.