Tom Mboya: Bwana afya wa Ziwani aliyewafunza wafanyakazi na waajiri kuketi meza moja

ANAPOTAJWA marehemu Thomas Joseph Mboya, wengi hukumbuka risasi zilizokatiza maisha yake jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Wengine humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa Baraza la Jiji, mkazi wa mtaa wa Ziwani, Eastlands.

Mboya alizaliwa mnamo Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, aliyetoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, alikuwa nyapara katika shamba hilo. Hivyo basi, mtoto huyo alilelewa miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, akajifunza lugha zao tangu utotoni.

Alisomea Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u, ambako alilazimika kukatiza masomo kwa kukosa karo. Mwaka wa 1948 alijiunga na chuo cha wakaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, mahali ambapo leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Alipohitimu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka wa 1951.

Kazi ya bwana afya ilimfungua macho. Wakaguzi wa Kiafrika walifanya kazi ile ile ya wenzao Wazungu, lakini mishahara yao ilikuwa kiduchu ikilinganishwa na ya wenzao. Siku moja mwanamke Mzungu alifika ofisini akiwa na maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya peke yake, kisha akauliza iwapo mlikuwa na mtu yeyote humo ndani. Mboya alisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye.

Badala ya kuketi na uchungu huo, aliamua kuufanyia kazi. Wafanyakazi Waafrika wa Baraza walikuwa na shirika lao lililojihusisha zaidi na masuala ya ustawi. Mboya alichaguliwa kuliongoza, na mwaka wa 1952 akaligeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za wilaya, chenye uwezo wa kisheria wa kujadiliana na mwajiri.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, sharti tuitazame Eastlands ya wakati huo. Mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini na kwenye reli. Wakoloni walimwona Mwafrika kama mpita njia ambaye angerudi kijijini baada ya kibarua. Kwa sababu hiyo, mishahara mingi ilipimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto, na vyumba vingi vilijengwa vivyo hivyo.

Lakini hali ilikuwa imebadilika. Watu walikuwa wakilea familia mjini na kutegemea mshahara pekee. Mwaka wa 1954, kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mfanyakazi alipaswa kulipwa kiasi cha kumwezesha kuishi na jamaa yake. Hayo ndiyo mabadiliko ambayo Mboya aliyatambua mapema kuliko waajiri wengi.

UONGOZI WAKATI WA HATARI

Mwaka wa 1953, akiwa bado hajatimiza miaka 25, aliacha kazi ya Baraza na kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 na viongozi waliomtangulia, akiwemo Fred Kubai, walikuwa kizuizini. Makhan Singh alikuwa ameshikwa tangu 1950, majuma machache baada ya kudai uhuru hadharani katika ukumbi wa Kaloleni.

Aprili 1954, wanajeshi waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Nyumba hadi nyumba, wakazi wa Eastlands walitolewa nje na kuchujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Vyama vya wafanyakazi vilipoteza viongozi na wanachama kwa siku chache tu. Mboya na wenzake waliobaki walilazimika kuvijenga upya huku wakizitetea familia zilizoachwa bila makao.

Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikimbilia huko. Aliwashawishi warejee kazini ili madai yao yasikizwe na baraza la usuluhishi, jambo lililohitaji ujasiri mbele ya umati wenye hasira. Uamuzi ulipotolewa, makuli walipata nyongeza ya takriban thuluthi moja ya mshahara. Habari hizo zilienea upesi, na waajiri wakaanza kumchukulia kwa uzito.

Baadaye mwaka huo alienda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Aidha, alizuru Marekani mwaka wa 1956 na vyama vya wafanyakazi vya huko vikachanga dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho lake. Jumba hilo, Solidarity House, lilisimama upande wa Gikomba, na baadaye likawa makao ya COTU.

KUTOKA UPANDE MMOJA WA MEZA HADI MWINGINE

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1962 alipoteuliwa Waziri wa Leba. Uhuru ulikuwa ukikaribia, wawekezaji walikuwa na wasiwasi na migomo ilikuwa imeenea nchini. Mtu aliyezoea kudai sasa alitakiwa kuamua.

Mboya aliwaita pamoja Shirikisho la Waajiri, lililoundwa 1959, na shirikisho la wafanyakazi alilokuwa ameliongoza. Oktoba 1962, pande hizo mbili na serikali zilitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kikazi. Waajiri walikubali haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama na kujadiliana. Vyama navyo viliahidi kutogoma kabla ya kufuata njia za usuluhishi zilizokubaliwa. Mahakama ya Viwanda iliundwa mwaka wa 1964 kuamua mizozo iliyoshindikana.

Si wote waliofurahi. Wapo waliomwona kama mtu aliyewafunga mikono wenzake wa jana, na fedha kutoka Marekani zilizidi kuwapa wapinzani wake hoja. Serikali ilipovunja mashirikisho yaliyohasimiana na kuunda COTU mwaka wa 1965, Rais alipewa usemi katika uteuzi wa viongozi wake wakuu. Kufikia hapo Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na uhuru wa vyama alivyovijenga ulikuwa umepungua.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Utaratibu wa waajiri, wafanyakazi na serikali kuketi meza moja haukuzikwa naye. Hadi leo, mikataba ya pamoja ya mishahara nchini hujadiliwa kwa misingi iliyowekwa mwaka huo wa 1962.

Mboya aliuawa alipokuwa akitoka katika duka la dawa katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38, na bado alikuwa mbunge wa jijini Nairobi. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake.

Sanamu yake ilisimamishwa mwaka wa 2011 karibu na pale alipouawa. Lakini anayetaka kumwelewa kama kiongozi wa kazini hana budi kuingia Ziwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Huko ndiko alikoona, mbele ya wakubwa wake wa kazi, kwamba mfanyakazi hakuwa tena mpita njia, na kwamba mahali pa kazi palipaswa kubadilika kumfuata.