John Huston na filamu iliyotokana na meli ya Ziwa Tanganyika

Wakazi wa Kigoma na Tabora wanaijua meli ya Liemba. Wachache wanajua kwamba vita vilivyopiganwa kwa ajili yake ndivyo vilivyozaa filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Katika makala hii tunamwangazia mwongozaji wa filamu hiyo, Mmarekani John Huston.

Huston alizaliwa Missouri Agosti 5, 1906. Baba yake, Walter, alikuwa mwigizaji. John alianza kwa kuandika hadithi za filamu, na mwaka 1941 akaongoza filamu yake ya kwanza, The Maltese Falcon. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alilitengenezea jeshi filamu za matukio halisi. Moja kati ya hizo, iliyohusu askari waliorudi vitani wakiwa na majeraha ya akili, ilizuiwa na jeshi kwa zaidi ya miaka 30.

Filamu zake zinatambulika kwa mambo matatu. Nyingi zimetokana na vitabu. Alipenda kupiga picha nje ya studio, mahali penyewe. Na wahusika wake hufunga safari ndefu kutafuta mali, kisha hurudi mikono mitupu. Katika The Treasure of the Sierra Madre ya mwaka 1948, dhahabu yote inapeperushwa na upepo. Filamu hiyo ilimpatia Oscar mbili, na baba yake moja.

The African Queen ilipigwa Kongo na Uganda, na wengi katika kikosi chake waliugua. Hapo Huston aliacha desturi yake. Katika kitabu cha C. S. Forester wahusika wakuu wanashindwa. Yeye akawapa ushindi, meli ya Wajerumani ikalipuka.

Historia ilikwenda vingine. Meli ya kweli, Graf von Götzen, ilitoka Ujerumani ikiwa vipande. Ilisafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa reli iliyopita Tabora, sehemu kubwa ikifuata njia ya misafara ambako Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, na Septemba Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tunaona kasoro moja kubwa katika filamu hiyo. Wanakijiji wanaonekana mwanzoni, nyumba zao zinachomwa moto na wao wanaswagwa na askari, kisha hadithi inawasahau. Vita hivyo vilipiganwa katika nchi yao, na mizigo yake ilibebwa kwa mabega yao.

Huston aliongoza filamu yake ya mwisho, The Dead, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Agosti 28, 1987, akiwa na miaka 81.