Mtoto wa Unguja na Wimbo wa Mkoma: Maisha ya Freddie Mercury



Novemba ndiyo hii, mwezi wa kuwaombea marehemu. Mara nyingi hapa tunasoma maisha ya watakatifu. Leo mniruhusu nisimulie maisha ya mtu ambaye si mtakatifu wa Kanisa na wala hakuwa Mkristo, ila alizaliwa kwenye ardhi ambayo leo ni Tanzania na akafariki mwezi kama huu, Novemba 24, 1991. Ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen.

Kwa nini yeye? Ngoja nianzie nyumbani.

Kwetu ni Tarime, upande wa Sirari, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Mjomba wangu alipofariki aliacha redio kaseti moja na boksi la kaseti. Nyingi zilikuwa za iritungu, kile chombo chetu Wakurya chenye nyuzi nane. Chini kabisa kulikuwa na kaseti ya Queen, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa sijaanza hata shule. Tuliambiwa mjomba aliugua kifua. Ukweli nimekuja kuujua ukubwani: alikuwa na UKIMWI. Nikaambiwa pia kwamba mwishoni alitengewa sahani yake na kikombe chake, na aliyekuwa akimsogelea ni bibi peke yake.

Sasa, likizo iliyopita nilikuwa kwenye uchungaji upande wa Serengeti, si mbali na Mugumu. Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, niliweka wimbo wa Queen kwenye simu. Mpiga kinanda wetu, kijana makini sana, akaniuliza kama frateri anaruhusiwa kumsikiliza mtu wa maisha yale, aliyekufa kwa ugonjwa ule. Kiukweli sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe muda. Haya ndiyo majibu yangu.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, waumini wa dini ya kale ya nabii Zoroaster. Baba alikuwa keshia katika ofisi ya serikali ya Kiingereza.

Akiwa na miaka kama 8 hivi alipelekwa kusoma bweni India, katika shule ya St Peter's, Panchgani, mbali na Bombay. Wale mliopelekwa seminari ndogo mkiwa wadogo mnaelewa: usiku wa kwanza bweni unautazama ukuta na kujiuliza mama anafanya nini. Yeye mama yake alikuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikoanzisha na rafiki zake bendi ya shule, The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963, akasoma kwa muda katika shule ya Kikatoliki ya St Joseph's Convent. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Familia yake, kama familia nyingine nyingi zenye asili ya Asia, ikaondoka kwenda Uingereza. Freddie alikuwa na miaka 17.

Mgeni Londoni

Walifikia Feltham, nje kidogo ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Maisha yalianza upya, tena kutoka chini. Freddie alisoma sanaa na uchoraji katika chuo cha Ealing. Kuna wakati alibeba mizigo pale Heathrow, na kuna wakati aliuza nguo kwenye soko la Kensington. Yaani msimwone jukwaani na koti la njano mkadhani alizaliwa nalo.

Mwaka 1970 akaungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyelipa kundi jina la Queen, na yeye ndiye aliyeichora nembo yake. Wakati huohuo akaacha jina la Bulsara na kujiita Mercury. Mwaka uliofuata akaingia John Deacon kwenye gitaa la besi, na kundi likakamilika. Hao wanne hawakubadilishana hadi kifo.

Nisichoke kusema: muziki ule ulikuwa kazi. Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ina urefu wa karibu dakika 6, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika 3. Ndani yake kuna piano ya taratibu, kuna kipande cha opera, kuna roki nzito, na kuna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja amelisikia kabla ya chakula. Sauti zile zinazosikika kama kwaya ya watu mia ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, waliorekodi sauti juu ya sauti mpaka kanda ikakaribia kuchakaa. Wimbo ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Wanakwaya wenzangu tunaochoka baada ya kurudia sauti ya pili mara tatu, tujitafakari.

Na kama unadhani Queen huijui, unaijua. Ule mdundo wa viwanjani, miguu mara mbili na kofi moja, ni We Will Rock You, kazi ya Brian May ya mwaka 1977. Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni vijana wa kwetu wanacheza. Mkurya akisikia miguu inapiga ardhi kwa pamoja hahitaji tafsiri.

Wimbo ambao wengi hawaujui

Kuna kitu nilikigundua kwenye kaseti ya mjomba. Kwenye albamu ya kwanza ya Queen, ya mwaka 1973, kuna wimbo uitwao Jesus. Aliyeutunga ni Freddie mwenyewe, akiwa kijana wa umri wetu. Unasimulia watu wanaomwendea Yesu, na katikati yao yumo mkoma anayejitangaza kuwa najisi, kisha anaguswa na mkono wa Bwana na kuondoka akiwa mtu mpya.

Sisemi kwamba alikuwa anaungama imani. Sijui moyo wake, na wewe huujui. Ninachosema ni kwamba katika Injili nzima, kijana huyu wa dini nyingine alichagua tukio lile. Msome Marko 1:40-45. Yesu angeweza kumponya yule mtu kwa neno tu, akiwa amesimama mbali. Lakini alinyoosha mkono akamgusa, wakati hakuna aliyethubutu.

Kilele na bonde

Julai 13, 1985 kulifanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia siku moja, kuchangia wenye njaa Ethiopia. Queen walipewa dakika kama 20 tu kwenye uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000. Wengi wanaojua muziki wanasema hakuna aliyewahi kuzitumia dakika 20 vizuri zaidi. Freddie anaimba sauti tu, bila maneno, na uwanja mzima unamjibu, kama padre na waamini wake.

Lakini tusifiche upande wa pili. Umaarufu ulikuja na starehe za usiku, pombe na dawa za kulevya. Alikuwa na mahusiano na wanawake na wanaume, na maisha hayo hayakufuata njia ambayo Kanisa linatufundisha. Mpiga kinanda wangu hakukosea kuliona hilo. Mwanamke aliyewahi kumchumbia, Mary Austin, alibaki rafiki yake wa karibu hadi mwisho, na ndiye aliyemwachia nyumba.

Mwaka 1987 alijulishwa kwamba ana UKIMWI. Wakati ule dawa za kufubaza virusi tunazozijua leo hazikuwepo. Kwetu huku ugonjwa ulionekana kwanza Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya ziwa letu, na watu wakaupa jina la Juliana, aina ya mashati yaliyokuwa yanaingia kwa magendo. Mpaka leo mtaani wanasema fulani ana ngoma. Tunaupa majina yote, ila si jina lake.

Freddie naye alinyamaza, akafanya kazi. Alirekodi albamu na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Mwaka 1991, akiwa amedhoofu kiasi kwamba kusimama ilikuwa shida, alikuwa bado anaingia studio huko Montreux, Uswisi, akiwaachia wenzake sauti ambazo wangezimalizia akishaondoka. Nje ya nyumba yake London waandishi walikesha wakisubiri picha ya mtu anayekufa. Novemba 23 alitangaza kwamba anaumwa UKIMWI. Jioni ya siku ya pili alifariki, akiwa na miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake.

Mwaka 1992 wenzake walifanya tamasha la kumkumbuka, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia mapambano dhidi ya UKIMWI. Unguja ilichukua muda mrefu kumkumbuka. Mwaka 2006 sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe.

Jibu langu kwa mpiga kinanda

Ndugu yangu, sauti ile ni zawadi, na mtoa zawadi tunamjua. Kuisifia sauti si kusifia kila alichofanya mwenye nayo. Tukisema tusikilize nyimbo za wasio na dhambi tu, tutaanza kwa kuzifuta Zaburi, maana Daudi tunayajua aliyoyafanya kwa Uria.

Ila swali lako lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Ulisema ugonjwa ule. Ugonjwa si hukumu. Mkesha wa Noeli mwaka 1985 Mtakatifu Teresa wa Calcutta alifungua New York nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI, wakati wengi wakiogopa hata kuwapa mkono. Hakuwauliza kwanza waliupataje.

Bibi yangu hakujua Teresa ni nani, na jina la Freddie Mercury hajawahi kulisikia. Lakini alimwogesha mjomba kila asubuhi kwa mikono yake, bila glavu wala semina. Sisi wengine tulikuwa na sahani ya pembeni. Nimesoma falsafa miaka mitatu, na bado naona aliielewa Marko sura ya kwanza kuliko mimi.

Tafakari ya wiki hii

Je, kuna mtu nyumbani au jumuiyani ambaye sahani yake imetengwa? Ni lini mara ya mwisho nilimgusa, nilimsalimu kwa mkono, nilikaa naye?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyenyoosha mkono kumgusa mkoma, wapokee katika huruma yako marehemu wote waliokufa kwa UKIMWI, waliolia na waliolilia gizani. Mkumbuke Farrokh, mtoto wa Unguja. Mkumbuke mjomba. Utusamehe kwa waliotuhitaji tukakaa mbali. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Ni mimi frateri wenu, kutoka Tarime. Tuombeane.